Mtoto Mpole Hatazamwi: Shajara ya Mradi wa Afya ya Akili ya Watoto Wachanga

4 Februari 2025

Leo tumeanza rasmi. Mradi ni mdogo na umo ndani ya kituo kimoja cha afya, katika kata ya mashamba ya mkonge wilayani Korogwe, mkoa wa Tanga. Lengo naliandika hapa mapema ili tusije tukalisahau kazi zikizidi: mtoto wa kuanzia siku ya kwanza hadi miaka mitatu ambaye hisia zake haziko sawa aonwe na asaidiwe hapa hapa kituoni, yeye pamoja na anayemlea, siku ile ile aliyoletwa kupimwa uzito au kuchanjwa.

Mwenzangu wa famasi ameniuliza, kwa nia njema kabisa, mtoto wa miezi minne ana akili gani ya kuugua. Nilimjibu kwamba mtoto anazaliwa akitafuta uso. Anaogopa, anatulia, anafurahi, anakata tamaa. Akiita na kuitikiwa anaendelea kuita. Akiita siku baada ya siku pasipo wa kumwitikia, ipo siku anaacha. Hao walioacha kuita ndio tunaowatafuta.

Kitaifa msingi upo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, na inamhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Nguzo zake ni zile tano zilizotolewa mwaka 2018 na WHO, UNICEF na Benki ya Dunia: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hapa kwetu nguzo mbili za kwanza zina mzani, kadi, jokofu la chanjo, daftari, na mtu anayedaiwa taarifa kila mwezi. Ya tatu ina bango ukutani.

Waliomo: mimi muuguzi mkunga, mganga mfawidhi, wahudumu wawili wa afya ngazi ya jamii, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ambaye huja akipata usafiri, na mratibu wa afya ya akili wa wilaya kwa njia ya simu.

11 Februari

Wiki hii hatukutoa huduma mpya. Tumekaa kwenye benchi na akina mama tukatazama.

Siku ya kliniki akina mama wanafika tangu saa moja asubuhi. Kadi zinakusanywa, majina yanaitwa, mtoto anavuliwa, anavalishwa kaptula ya mzani, ananing'inizwa. Nukta inawekwa kwenye kadi, kama ni zamu ya chanjo anachomwa, kisha nyumbani. Muda wote mtoto anapokuwa mikononi mwa mtumishi, macho ya mtumishi yako kwenye mshale wa mzani. Simlaumu mtu, foleni ni ndefu na mikono ni michache.

Mtoto anayelia sana hapati shida ya kuonwa. Jirani anampokea, bibi anambembeleza, muuguzi anauliza, "Huyu ana nini?" Lakini alikuwepo mmoja wa chanjo ya wiki ya 14. Alivuliwa kimya, akaning'inia kimya. Sindano ilipoingia alikunja uso kidogo, kisha akarudi kutazama ukuta. Akina mama kwenye benchi wakamsifu: "Jamani, kitoto kipole hiki! Mama yake umebahatika." Uzito wake uko kwenye kijani. Ukisoma kadi yake huoni doa. Mama hakuitikia ile sifa. Alifunga kanga, akambeba mgongoni, akaondoka.

Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, alifanya jambo ambalo kila mtumishi wa kliniki angefaa kulijua. Aliwaomba mama wacheze na watoto wao kama kawaida, halafu kwa dakika chache wawatazame bila kubadili uso: pasipo tabasamu, pasipo neno. Watoto walijaribu kila walichonacho. Walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele, na iliposhindikana wakageuza nyuso pembeni wakanywea. Pale mama alirudi baada ya dakika chache. Mama mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, anaweza kukaa miezi hajarudi, naye yupo pale pale, ananyonyesha na kuogesha.

Wala elimu hii si ya ughaibuni tu. Mwaka 1954 na 1955 Mary Ainsworth alitembelea vijiji vya jirani na Kampala, akakaa sebuleni na akina mama wa Kiganda 26 waliokuwa na watoto 28, akirudi tena na tena kutazama mtoto anamfuata nani, anamlilia nani, anatambaa umbali gani kabla ya kugeuka kuhakikisha mama bado yupo. Mengi yanayofundishwa leo ulimwenguni kuhusu mtoto kushikamana na mlezi wake yalianzia kwenye sebule zile. Nimewaeleza wahudumu wetu jambo hili makusudi. Nataka wajue kwamba kutazama kwa utulivu ni kazi ya kitaalamu, na ilishafanyika Afrika Mashariki.

Tumeamua hivi: kabla ya kuvuliwa, kila mtoto atatazamwa dakika mbili akiwa mapajani kwa mama. Je, anatafuta uso? Kuanzia kama miezi miwili, akitabasamiwa anatabasamu? Anatoa sauti kisha akangoja jibu? Akishtuka anamgeukia nani? Na mama, anamsemesha?

20 Februari

Sasa maswali ya mama. Hali ya mtoto mchanga huwezi kuijua ukimtenga na anayemlea, kwa hiyo tumekaa siku nzima kuchagua tuulize nini.

Tumechagua yale maswali kumi ya Edinburgh ya mwaka 1987, yanayotumika kutambua sonona kwa mama aliyejifungua. John Cox, mmoja wa walioyatunga, alikuwa amefanya kazi Uganda na wajawazito wa Kasangati miaka ya 1970. Ubora wake kwetu ni kwamba hayategemei uchovu wala kukosa hamu ya kula. Mama yeyote mwenye kichanga amechoka. Ukimpima kwa uchovu utawaandika wote kuwa wagonjwa.

Kikao kilikuwa kizito kuliko nilivyotazamia. Swali la kumi linagusa kujidhuru, na mhudumu mmoja alisema wazi, "Nikiuliza, akanijibu ndiyo, nampeleka wapi?" Ni swali la haki. Mtu hafungui kidonda cha mwenzake halafu akamwambia subiri mwezi ujao. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayeuliza siku ambayo mfawidhi hayupo kituoni na mratibu wa wilaya hapatikani kwa simu.

Suala la chumba nalo. Tulianza na chumba cha uzazi wa mpango kwa sababu mlango wake unafungika, ila mama akionekana anaingia humo mkwe ataulizia nyumbani. Tumehamia stoo ya vyandarua. Mtoto akifika chanjo ya miezi tisa anapewa chandarua, hivyo kila mama ataingia humo siku moja au nyingine, na hakuna atakayemshangaa. Tumeweka viti viwili na mkeka.

Tumejaribu pia namna ya kuanza. Ukiyasoma maswali kumi mfululizo, mama anajibu kama yuko kituo cha polisi. Ukianza na "Usiku mnalalaje, wewe na mwanao?" anashusha pumzi, na nusu ya maswali anayajibu mwenyewe kabla hujayafikia.

6 Machi

Ramadhani imeanza. Akina mama wanakuja alfajiri na wanataka kuondoka mapema. Mazungumzo marefu tumeyahamishia majumbani, jioni kabla ya kuanza kupika futari, yakifanywa na wahudumu wa jamii. Wengine wanaonyonyesha wamefunga, na tumewasihi wasijilazimishe, tukimtumia mwalimu wa madrasa ambaye amelieleza jambo hilo vizuri kuliko sisi.

18 Machi

Mhudumu amemkuta mtoto wa miezi minane ambaye hajaletwa kliniki tangu baada ya mwaka mpya. Mwembamba, kimya, hamfuati mtu kwa macho. Mama yake hakuwa na tatizo la umbali, anakaa jirani kabisa na kituo. Anaogopa benchi. Mtaani wameshasema mtoto amebemendwa.

Msomaji wa Tanga hahitaji maelezo. Kwa wa mbali: watu husema mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa, au mama amekutana na mume mapema mno, na mtoto anayenyonya ndiye aliyedhurika. Matokeo yake, mtoto akikonda au akizubaa, lawama inamwangukia mama hadharani. Kwa hiyo mtoto anayetuhitaji kuliko wote ndiye anayefichwa. Kwa mama huyu kliniki imegeuka baraza la kusutwa. Nikiulizwa ni nini kinachozuia huduma katika kata hii, hili nalitaja kabla ya barabara na kabla ya dawa.

Sikuona faida ya kwenda kuhubiri kwamba kubemenda hakupo. Nilikwenda kwa bibi ambaye watoto wa namna hiyo hupelekwa kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja kunikataza?"

Nilimwambia nimekuja kujifunza. Akanieleza anavyofanya: mama anakaa na mtoto ndani siku saba, anamwogesha maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, anamkanda mwili mzima kwa mafuta ya nazi, na siku hizo mtoto hapewi mtu mwingine. "Namwambia amwite jina lake kila akimkanda. Mtoto akisahaulika anaondoka."

Nilikaa kimya kwa muda. Toa majani na masharti mengine, kilichobaki ni siku saba za ngozi kwa ngozi, sauti, jina, na ruhusa ya mama kuacha kazi zote. Sisi kituoni hatukuwa tumewahi kumpa mama yeyote ruhusa ya namna hiyo.

Tumeelewana. Yeye ataendelea kukanda na kuogesha, lakini dawa ya kunywa hatampa mtoto wa chini ya miezi sita, na kila mtoto wa kuanzia miezi sita atakayemfikia atapimwa kwa utepe wa kupima unene wa mkono. Nimempa utepe na kumwonyesha: chini ya milimita 115 ni nyekundu, aje kwetu mbio, kuanzia 115 hadi kabla ya 125 ni njano, aje wiki hiyo hiyo. Mtoto wa leo alikuwa njano. Bibi mwenyewe ndiye aliyemshika mama mkono hadi kituoni, na benchi zima lilinyamaza.

27 Machi

Mama mmoja amejibu ndiyo kwenye swali la kumi. Mfawidhi alikuwepo. Tulimpa barua ya rufaa, nauli kutoka kwenye mfuko wa mradi, na shangazi wa kumsindikiza pamoja na mtoto wa miezi miwili.

Wamerudi. Mama aliandikiwa dawa za usingizi. Shangazi alibaki nje na mtoto. Upande wa watoto waliambiwa mtoto haumwi, upande wa akili waliambiwa watoto wadogo hawaonwi pale. Hakuna aliyewaangalia wawili hao kwa pamoja. Siandiki hospitali gani, maana naamini zipo nyingi ambako mambo yangekwenda hivyo hivyo. Watumishi wale hawakufundishwa wala hawakupangiwa kazi hiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na madaktari bingwa wa afya ya akili ni wachache mno, tena wengi wao wako miji mikubwa. Wa watoto wachanga ni adimu zaidi.

Mama sasa yuko kwa dada yake na hakai peke yake. Vidonge na sumu ya panya vimeondolewa nyumbani. Mhudumu anapita kila jioni. Mratibu wa wilaya amebadilisha dawa baada ya kuzungumza naye kwa simu na kuhakikisha inamfaa anayenyonyesha.

10 Aprili

Tukio la mwezi uliopita limebadilisha mpango. Rufaa tutaibakiza kwa walio hatarini, na hao tutawasindikiza hadi mlangoni tukiwa tumeshazungumza na mtu wa kuwapokea. Waliobaki tunawatibu hapa.

Tuna sababu ya kuamini inawezekana. Pakistani, Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, kuzungumza na mama wenye sonona kwa mpangilio maalumu. Matokeo yalichapishwa 2008: miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 kwa waliotembelewa kwa mpango huo na asilimia 53 kwa wengine. WHO imetoa mwongozo wake kwa matumizi ya nchi nyingine. Ila uzito na urefu wa watoto wale haukutofautiana sana, na hilo lazima lisemwe. Kumtibu mama peke yake hakumalizi kazi.

Ndipo tunaongeza la Khayelitsha, Cape Town. Huko wanawake 449 walishiriki utafiti uliochapishwa 2009. Akina mama wa mtaa huo huo waliofunzwa waliwatembelea wenzao kuanzia mimba ikikaribia kufika hadi mtoto wa miezi sita, na kazi yao kubwa ilikuwa kumwonyesha mama anachokifanya mtoto wake mwenyewe. Watoto wa waliotembelewa walipofika mwaka na nusu, wengi zaidi walikuwa wameshikamana na mama zao kwa utulivu.

Kikao chetu kwa hiyo kina sehemu mbili, kama nusu saa kwa jumla. Kwanza mama anazungumza na tunamsikiliza bila kumkatiza kwa ushauri. Kisha mtoto anakuja mapajani, na kazi ya mama ni moja: amfuate mtoto. Akitoa sauti, airudie. Akitazama taa, amwambie ile ni taa. Akigeuka pembeni, amwache apumzike, asimlazimishe.

Leo nilikaa na mama wa yule mtoto mpole wa Februari. Alitoka Kigoma kumfuata mume aliyepata kazi ya kukata mkonge. Hapa hana mama, hana dada, hana shangazi. Arobaini hakukaa. Wiki ya tatu alikuwa uwanjani anaanika singa za mkonge, mtoto yuko kivulini na binti wa jirani wa miaka minane. Aliniambia, "Nesi, mimi huyu simchukii. Nikimtazama sioni kitu." Alilia sana, na niliacha alie.

Tulipomweka mtoto mapajani alitazama ukuta kama kawaida yake. Nikamwomba mama asimwite, angoje tu. Tulingoja. Mtoto alitoa ulimi kidogo. Mama, bila kuambiwa, naye akatoa wake. Mtoto akaganda, akamtazama mdomoni, akautoa tena. Walirudia mara kadhaa. Mama akacheka huku machozi bado yanamtoka, akaniuliza, "Ananiona?" Watarudi wiki ijayo.

29 Aprili

Masika. Barabara ya kambi za juu imekatika na bodaboda hazipiti. Vikao vya huko ni kwa simu, na kwa simu unamsikia mama ila mtoto humwoni. Tunawaomba waweke simu chini karibu na mtoto wamsemeshe, nasi tusikilize. Si mbaya kwa dharura.

15 Mei

Tumekwenda shambani. Nilitaka kuona mtoto anakaa wapi mama akiwa kazini, maana saa nyingi za maisha yake zinapitia huko.

Kwenye uwanja wa kuanikia, karibu na korona, ile mashine ya kusindika mkonge, watoto wamelazwa kwenye mifuko chini ya mwembe. Wanaowalinda ni watoto wenzao, wengine hawajaanza shule. Hawa walezi wadogo wanabeba, wanaimba, wanafukuza nzi. Nimewaona wakiwachezesha vichanga kwa ustadi ambao watu wazima wameusahau. Lakini wao pia ni watoto na wanachoka, na kichanga kinachokabidhiwa kila siku kwa mkono tofauti hakipati mtu wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na akirudi aruhusiwe kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Tatizo ni kwamba wengi wa hawa ni vibarua wanaolipwa kwa kipande. Akisimama kunyonyesha, kipande hakiishi, na hakuna anayemkatalia wala kumruhusu. Naliandika jambo la kazi kwenye shajara ya afya ya akili kwa sababu ndipo lilipo. Mama wa Kigoma hakuugua kwa kukosa elimu ya malezi. Alikosa arobaini yake.

Wanawake waliozaliwa hapa hapa wana bibi wa kuwapikia uji wa pilipili manga, kuwakanda maji ya moto, na kuwazuia wasiguse jembe siku arobaini. Waliotoka Kigoma, Singida na kwingineko hawana. Tumezungumza na msimamizi wa shamba, naye amesikiliza kwa heshima. Amekubali banda lenye kuta, maji na mkeka liwekwe jirani na uwanja, na wanawake wawili wazima walipwe kama vibarua wengine kwa kukaa na watoto, walewale kila siku. Ameahidi kulianza baada ya mvua. Wahudumu wetu watawafundisha.

Kuna jambo jingine lililoanzishwa na akina mama wenyewe pasipo sisi: wake wa kambi ya chini wamepanga zamu ya kumpikia kila mgeni aliyejifungua asiye na ndugu. Bibi yule wa kukanda ndiye aliyewaita.

5 Juni

Baba. Tulikuwa tukiwaita kliniki na hawaji. Rwanda, mradi wa Sugira Muryango ulikwenda nyumbani, ukawakuta baba na mama pamoja, ukazungumzia mchezo wa mtoto na ugomvi wa ndani ya nyumba katika mazungumzo yale yale. Tumeiga. Wahudumu wanapita Jumapili jioni, wakataji wa mkonge wakiwa wamepumzika. Mume wa mama wa Kigoma alidhani mkewe amekuwa mvivu. Alipoelezwa kwamba ni ugonjwa na una tiba, aliuliza yeye afanye nini. Sasa jioni anamchukua mtoto mama alale.

19 Juni

Hili nataka lisomwe na kila atakayeiga mradi wetu. Mtoto kuwa kimya hakumaanishi kwamba mama ni mgonjwa.

Wahudumu wamezoea kazi, na nimeona hatari yake: wakimkuta mtoto hatazami, wanamgeukia mama kwa maswali. Wiki hii aliletwa mtoto wa miezi tisa, mchangamfu kwa macho na mikono, lakini haitikii jina na hatoi ile mibwabwajo ya "ba-ba-ba". Mama yake ni mzima, anacheza naye vizuri. Nilisimama nyuma ya mtoto nikagonga sufuria. Hakugeuka. Mama akakumbuka kwamba mwanawe aliwahi kuugua homa kali akalazwa. Tumempeleka akapimwe masikio, safari hii tukiwa tumepiga simu kwanza, na amepokelewa.

Utapiamlo mkali unamnyong'onyeza mtoto hadi asimtazame mtu. Malaria iliyopanda kichwani inaacha athari. Kuna waliochelewa kulia walipozaliwa. Kuna usonji, ambao dalili zake huonekana zaidi mwaka wa pili. Kwa hiyo karatasi yetu sasa ina mpangilio: anza na mwili, kisha masikio na macho, kisha hatua za ukuaji, na mazungumzo ya moyo wa mama yaende sambamba, kamwe yasiwe hukumu. Kwa hatua za ukuaji tunazungumza na mratibu kuhusu kutumia kipimo cha Kilifi, kilichotengenezwa na Amina Abubakar na wenzake hapo jirani zetu Kenya kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa pwani anavifahamu. Mtoto wa hapa hawezi kupimwa kwa vitu vya kuchezea ambavyo hajawahi kuviona.

Mama yule akiwa na sonona ama hana, angekuja kwetu Januari angepimiwa mwanawe uzito, angeambiwa hongera, na masikio yangegunduliwa shuleni.

10 Julai

Kazi ya wiki hii ni makaratasi, na ina uzito wake. Tunachokifanya hakina mahali pa kuandikwa. Kwenye daftari la watoto tunalotumia kuna safu ya uzito, chanjo, vitamini A, dawa ya minyoo. Mtoto aliyetazamwa, mama aliyesikilizwa, vikao vya mapajani, vyote viko kwenye daftari la mistari tulilonunua dukani. Kisichoandikwa kwenye MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, hakiombewi fedha, na kisichoombewa fedha kinakwisha siku mradi unapokwisha. Ruzuku yetu ni hadi Desemba.

Tumekaa na kamati ya kituo. Kwa kuwa kituo kinapokea fedha zake moja kwa moja, kamati imekubali nauli za rufaa na muda wa maongezi ziingie kwenye mpango wa kituo. Posho ya wahudumu haikupita. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, na tumeomba wawili wetu wafikiriwe kwenye mafunzo hayo, kwani ujuzi walioupata hautakiwi kupotea.

Hali ya waliotajwa humu: mtoto wa utepe wa njano amerudi kwenye kijani na anatambaa. Mama aliyerudi na dawa za usingizi bado anatembelewa, anasema siku nzuri sasa ni nyingi kuliko mbaya, dawa anaendelea nazo. Mtoto wa masikio anasubiri kifaa, na mama yake amejiunga na wazazi wenzake kujifunza lugha ya alama. Mama wa Kigoma yuko kambi ya chini, kwenye zamu ya wapishi. Banda la shambani limesimamishwa nguzo, bado bati.

Jumanne tunakwenda mbele ya timu ya usimamizi wa afya ya halmashauri. Tunaomba mambo matatu. Safu moja iongezwe kwenye daftari la watoto la vituo vya wilaya hii: *ametazamwa, ndiyo au hapana, na hatua*. Muuguzi mmoja wa ziada siku za kliniki, ili dakika mbili za kutazama zisiliwe na foleni. Na mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu katika hospitali tunayopeleka rufaa, atakayempokea mama na mtoto kwa pamoja. Mfawidhi atazungumzia fedha, mimi nitazungumzia watoto, na bibi amesema anakuja pia, kwa nauli yake.